Baiskeli Kubwa Kidogo

Mara ya kwanza nilipowaona nilikuwa nimesimama mlangoni mwa karakana yangu ya kushona, pini zimejaa mdomoni, tabia ambayo mume wangu amenikataza tangu tuoane na mimi nimekataa kumsikia tangu siku hiyo hiyo. Ilikuwa Jumapili asubuhi, barabara tupu, nami nimekuja kumaliza mapazia ya mteja asiye na subira. Wakatokea kwenye kona ya ghala la saruji, kundi zima la watu juu ya baiskeli nyembamba za mbio, wameinama, wamekaribiana bega kwa bega, wala hakuna aliyesema neno. Kilichosikika ni mlio wa magurudumu tu, kama kitambaa kirefu kinachochanwa na mkono usiotetemeka. Wakapita. Upepo wao ukawafuata, ukainua upindo wa pazia nililokuwa nimelishika, kisha barabara ikarudi kuwa tupu kama walivyoikuta.

Nikatema pini zote. Nataka nieleweke: mimi si mtu wa kushangaa hovyo. Nimeshona magauni ya maharusi waliogombana siku ya kujaribisha gauni, nimepima matumbo ya wakubwa wenye madaraka yao, na hakuna aliyewahi kuniona nimetoa macho. Lakini asubuhi ile moyo ulinidunda kama vile niliyekimbia ni mimi. Katikati yao nilikuwa nimemtambua mfamasia wa duka la dawa la jirani, mwanamke wa rika langu ambaye miaka yote nimemwona nyuma ya kaunta na uso wa mtu anayengoja saa ya kufunga. Juu ya baiskeli alikuwa na uso mwingine kabisa. Nami nikautaka uso ule.

Kesho yake nikaenda dukani kwake, nikajifanya nataka dawa ya kikohozi.

"Kile kikundi chenu cha jana," nikasema, "mtu anaingiaje?"

Akanitazama kutoka juu hadi chini, na kwa kuwa mimi ni mfupi, safari yenyewe haikuwa ndefu.

"Anakuja na baiskeli ya mbio, hata iwe ya bei ya chini, hatubagui. Halafu kuna kile kilima cha mnara wa simu. Ukikipanda bila kukanyaga chini, wewe ni mwenzetu. Ukikanyaga, unageuza, unakwenda kunywa chai kwenu, unajaribu tena Jumapili nyingine. Hatumsubiri mtu."

"Na wewe ulikanyaga mara ngapi?"

"Mpaka mbuzi wa kilima kile wakanizoea," akasema, akanifungia dawa ya kikohozi ambayo ilibidi niinunue ili nisionekane mwongo.

Nikajibana kwa matumizi muda mrefu mpaka nikapata bei ya baiskeli. Siku ya kwenda kununua nilijipima mwenyewe mbele ya kioo, mguu kwa ndani hadi kisigino, mkono kutoka begani hadi kwenye ngumi. Halafu, kama ninavyomfanyia kila mteja, nikaongeza vidole viwili. Ndivyo tulivyofundishwa kazi. Fundi cherehani hakati kitambaa kwa kipimo kamili, anaacha akiba ndani ya mshono, kwa sababu mteja atanenepa au kitambaa kitajikunyata kikifuliwa. Nguo kubwa utaipunguza kabla chai haijapoa, lakini nguo ndogo imeshakuwa matambara. Vidole vyangu viwili vinajiongeza vyenyewe siku hizi, wala siviulizi.

Muuzaji akasoma vipimo vyangu, akashusha baiskeli mbili. "Wewe uko katikati," akasema. "Unaweza kuchukua hii au hii."

"Nipe iliyo kubwa kidogo," nikasema, na nikajiona mjanja.

Ilikuwa ya rangi ya kijivu kama sufuria mpya, usukani wake umejikunja kama pembe za kondoo. Ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote zilizoning'inia mle ndani. Muuzaji alinieleza hivyo mara mbili, nisije nikajisahau. Lakini nilipoishika fremu niliinyanyua kwa mkono mmoja. Cherehani yangu hainyanyuliki kwa mikono miwili na kelele za mume wangu juu yake. Nilisimama pale dukani nimeinyanyua baiskeli hewani kama mjinga, sitaki kuishusha.

Na siku niliyoipanda mara ya kwanza, kwenye barabara ya lami inayopita nyuma ya hospitali, kilichonistaajabisha ni kwamba ilikuwa haiachi kwenda. Nilikanyaga pedali mara chache tu, nikapumzisha miguu, na yenyewe ikaendelea, ikaupita ukuta wote wa hospitali, ikaipita miti, kana kwamba njia ilikuwa inainama kwa ajili yangu. Nikacheka peke yangu. Mlinzi wa lango la hospitali akanisalimia, nikashindwa kumjibu.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapa, mtu mpole kama mto wa kulalia, na kama mto wa kulalia, ukimtaka ushauri hapati la kusema. Wa tatu alikuwa dada yake, wifi yangu. Wifi alikuja kwetu kwa wiki moja baada ya ndoa yake kuvunjika, na wiki hiyo ilikuwa imeshapita mwaka.

Wifi yangu ni mrefu. Nasema mrefu nikiwa nimempima kwa mkono wangu. Anainama kuingia jikoni, anainama kutoka, kitandani analala kwa mshazari, na zamani alikuwa mtunza ghala la viatu vya kike ambamo hamkuwa na jozi hata moja ya kumtosha. Aliyekuwa mume wake alimzidi kwa maneno tu, kwa kimo hakumfikia bega. Picha zote za ndoa yao Wifi amekaa kwenye kiti na bwana amesimama, hata zile za ufukweni. Kiti kilibebwa kutoka nyumbani. Miaka ya kukaa kwenye kiti kile ilikuwa imemkunja mgongo. Kwetu alikuwa hatoki. Akitumwa dukani alichungulia kwanza kwenye upenyo wa lango kuona nani yuko njiani, na kama watu walikuwapo alirudi ndani na kuniambia duka limefungwa. Mchana alinisaidia kutia vifungo na kupinda mapindo, kwa mikono mizuri sana, huku macho yake yako dirishani kuangalia nani anamwangalia.

Tulikuwa tunataniana, maana wifi asiyetaniwa ataoza. Alipoiona baiskeli akaizunguka taratibu.

"Hii ni yako au ya jitu fulani limekuachia uishikilie?"

"Wewe nyamaza. Ukinyoosha mguu tu unafika kazini, utajua nini habari ya baiskeli?"

Akacheka akiwa ameziba mdomo. Nilipenda kumchekesha, kwa kuwa ilikuwa ndiyo nafasi pekee ya kumwona amenyooka.

Baada ya siku chache shingo yangu ikaanza kuuma. Halafu viganja vikafa ganzi, kisha kiuno nacho kikajiunga. Ili nishike usukani ilibidi nijinyooshe kama mtu anayefunga pazia bila ngazi, na kila niliposimama ilibidi niilaze baiskeli ubavu kwanza ndipo mguu ufike chini. Sikujiuliza. Nilijua sababu: nimenunua baiskeli ya bei ya chini, na vitu vya bei ya chini vinauma. Dawa yake ni kuiboresha.

Basi nikaanza safari za kwa fundi wa baiskeli, mwembamba mmoja kando ya pampu ya maji ambaye mtaa mzima unamwita Spoku, kama zile nyaya za gurudumu, kwa kazi yake na kwa umbo lake. Spoku hakuwa mtu wa kumkatisha mteja tamaa. Nilitaka siti laini, akanipa siti laini. Nikataka pedali pana, akazifunga. Breki akabadilisha vile viraka vya mpira, na kuanzia hapo nikivuta kwa kidole kimoja baiskeli inatii papo hapo. Kisha yakaja matairi. Yale ya mwanzo yalikuwa magumu kama soli za buti. Haya mapya yalikuwa manene kidogo na mororo, na siku aliyoyafunga nikapita ile njia mbovu ya nyuma ya soko, yenye mashimo ninayoyajua kama meno yangu. Njia ilikuwa imelala. Nilisikia mashimo yakipita chini yangu kwa mbali, kama mambo ya watu wengine. Nikageuza nikaipita tena, nikarudi nikaipita tena, mpaka muuza mitumba akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Wifi naye aliingia kwenye mambo haya kwa mlango wa nyuma. Utepe wa kuzungushia usukani aliufunga yeye, kila mzunguko umelala juu ya mwenzake kwa upana ule ule, mpaka Spoku alipouona akauliza nani kaufunga. Kila jioni aliipangusa cheni kwa brashi ninayosafishia cherehani. Alikaa nayo uani kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotaka. Nilidhani ni upweke.

Kilima kilinishinda. Kila Jumapili nilitoka na lile kundi, na ninaapa hakuna raha kama kuwa katikati yao kwenye tambarare, unavutwa na upepo wa walio mbele, mji umelala, maduka yamefunga macho. Halafu kilima kinaanza. Kwenye kona ya mwisho, mnara unauona, waya zake unaziona, mikono yangu ilianza kutetemeka kwa kujinyoosha, kifua kikakosa nafasi, na mguu ukateremka wenyewe. Mfamasia alinipita akisema, "Chai njema, mama," bila ubaya wowote. Nilimchukia mpaka Jumatatu.

Nikaenda kwa Spoku nimevimba. "Nimebadilisha kila kitu kinachobadilika," nikamwambia. "Sasa nibadilishe nini?"

Akakuna kidevu. "Panda niangalie."

Nikapanda. Akanishikilia, akazunguka upande wa pili, akachuchumaa.

"Nani alikupima?"

"Mimi mwenyewe. Miaka yote hii napima watu, nani anipime?"

"Ulijipima sawasawa?"

"Sawasawa, na vidole viwili vya akiba."

Spoku akainuka. "Akiba ya nini, mama? Chuma hakifuliwi kwa sabuni. Ulitegemea kijikunyate?"

Sitaeleza jinsi nilivyojisikia. Nilishuka kwa kuilaza ubavu, kama kawaida yangu, na kwa mara ya kwanza nikajiona ninavyoshuka. Nilikuwa nimevaa koti la mtu mwingine kwa miezi, nikilalamikia vifungo.

Lakini Spoku alikuwa na tiba. Kulikuwa na baiskeli ndogo, ya aina ile ile, aliyoachiwa na mwalimu aliyehama, na ilikuwa ya kimo changu. Alikuwa tayari kubadilishana nami, moja kwa moja. "Ila uje kesho," akasema, "kuna mtu mwingine anaizungukia." Nikarudi nyumbani nikiimba.

Mchana ule nilimwita Wifi atoe baiskeli uani tuipanguse kabla ya kuipeleka. Akaitoa. Akasimama nayo mlangoni, mkono mmoja juu ya siti, na hapo macho yangu yakaanza kufanya kazi bila kuniomba ruhusa. Fundi cherehani akiona nguo imemzidi mtu, hatulii mpaka aone mwili unaoijaza.

"Hebu ipande," nikasema.

"Mimi?"

"Nataka nione inamtosha mtu wa namna gani."

"Watu wataniona, wifi."

"Watu gani? Huo ukuta?"

Nyuma ya nyumba yetu kuna kichochoro kirefu kati ya kuta mbili, na mchana hapiti hata paka. Nikapandisha siti mpaka alama ya mwisho, alama ambayo sikuwahi kujua ni ya nini. Wifi akavusha mguu juu ya fremu, akakaa, akaegemea ukuta kwa bega. Akanyoosha mikono. Mikono ikafika kwenye usukani, ikatulia pale. Mgongo, ule mgongo uliokunjwa na kiti, ukalala kwa mstari mmoja kutoka kiunoni hadi shingoni, na magoti yakashuka chini ya mikono bila kugusa kitu. Nilimzunguka kama ninavyomzunguka bibi harusi. Nimemshonea mwanamke huyu kwa miaka, nimeunganisha mapindo, nimeongeza vipande vya viunoni, na kila nguo ilibidi niidanganye kidogo ili imkubali. Baiskeli ile ilitoka kiwandani bila kumjua. Sikuona mahali pa kutia pini.

"Unajua kuendesha?" nikamuuliza.

"Nilijua zamani. Baba alikuwa na baiskeli ya kupelekea mikate. Nikaacha magoti yalipoanza kugonga usukani, watu walikuwa wanacheka."

Akakanyaga. Akayumba, akagusa ukuta wa kushoto, akagusa wa kulia, kisha kitu kikashika. Sijui namna nyingine ya kusema. Kitu kikashika, na baiskeli ikanyooka, na wifi yangu akakimbia kichochoro chote kwa mlio ule ule wa kitambaa, mwembamba, safi, akafika mwisho, na badala ya kugeuza akakata kona. Akapotea.

Nilisubiri. Kwanza nilikasirika, halafu nikaogopa, halafu nikakaa chini kwenye kizingiti. Aliporudi alikuja kwa upande mwingine wa kichochoro, maana yake alikuwa ameuzunguka mtaa mzima kwa barabara kubwa. Akafunga breki mbele yangu, akaweka mguu chini. Aliuweka tu, bila kuilaza. Jasho lilikuwa linamtiririka na alikuwa hajaziba mdomo.

"Wifi," akasema, "hii imenitosha."

Nilimtazama nikiwa pale chini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona jinsi alivyo mrefu kwa kweli, na nilitishika na kufurahi kwa pamoja, kama unapofunguliwa mlango wa chumba usichojua kuwa kimo ndani ya nyumba yako.

Halafu akashuka na kukunjika tena. Nilimwona anavyokunjika, pindo moja baada ya lingine. Akachukua kitambaa, akaipangusa baiskeli yote upya, akaiegemeza mahali pake. "Nimekuwekea tayari kwa kesho," akasema kwa upole, wala hakuomba chochote. Afadhali angeomba, ningemkatalia.

Mume wangu nilipomweleza alisema, "Ni yako, fanya utakavyo." Nimeshakwambia habari ya mto.

Asubuhi nikaipeleka kwa Spoku nikiikokota. Ile ndogo ilikuwa inanisubiri, ya buluu, imeoshwa. "Jaribu kwanza," akasema. Natamani angenyamaza. Nilipanda bila kuilaza. Mikono ikafika. Nikazunguka pampu ya maji, nikatoka barabarani, nikafika kwenye kidaraja na kurudi, na shingo haikusema kitu, kiuno hakikusema kitu, kifua kilikuwa na nafasi ya kuweka kabati. Upepo ulinipita masikioni kwa sauti ya raha. Nilijua, kama ninavyojua kitambaa kwa kukigusa, kwamba kwa baiskeli ile kona ya mwisho ningeipanda nikizungumza. Uso wa mfamasia ulikuwa wangu, ulikuwa umeshaanza kukaa usoni mwangu, niliuhisi kwenye mashavu.

Ile kubwa ilikuwa imeegemea pampu. Siti yake bado iko juu. Sikuwa nimeishusha, na Spoku alikuwa ameshaanza kutafuta spana ya kuishushia.

Nikashuka. Nikamrudishia ya buluu mikononi.

"Mpe huyo mtu wako."

"Haikukutosha?"

"Imenitosha kupita kiasi. Mpe kabla sijabadilisha mawazo."

Spoku akanitazama kama mtu anayepima joto la mgonjwa kwa macho. Nikaichukua kubwa yangu nikaondoka, na njia nzima nililia kwa hasira, hasira kabisa, ya mtu mzima aliyenyang'anywa na mikono yake mwenyewe. Sikuwa na uwezo wa kununua nyingine mwaka ule wala ule uliofuata, na wifi yangu hakuwa na kitu. Watu wakisema kutoa kunapendeza, wanazungumzia vitu wasivyovitaka.

Nyumbani nikaiegemeza ukutani.

"Siti imeshapanda," nikamwambia Wifi. "Siishushi tena, mgongo unaniuma."

Akaacha kifungo alichokuwa anakitia. "Na wewe je?"

"Mimi nina mapazia. Usinitazame hivyo, nitakurudisha kwenye kutia zipu."

Ungedhani angetoka siku hiyo hiyo na kuiteka barabara. Hata. Kwa majuma mengi aliishia kichochoroni, kwenda na kurudi, na akisikia sauti za watu upande wa pili wa ukuta alishuka. Kundi la Jumapili hakutaka hata kulisikia. "Watanitazama," alisema. "Kile kilima chote watakuwa nyuma yangu wananitazama." Nilimwambia wako wengi wenye jasho machoni, hawaoni hata barabara. Hakunisadiki. Na mimi nilianza kufikiri kwamba nimetoa baiskeli yangu ili ukuta ufurahi.

Nikanyamaza, jambo gumu kwangu. Nikamshonea suruali ya kuendeshea, nikaiacha juu ya siti. Ilikaa pale siku kadhaa. Halafu Jumamosi moja wakati tunaosha vyombo akasema bila kunitazama, "Nikienda kesho, usije kuniangalia. Ukiniangalia nitaanguka."

"Nina kazi zangu," nikasema.

Nikampa kiapo, na asubuhi nikakivunja. Niliondoka kabla yake, nimejitanda kama mgonjwa, nikapanda kilima kwa miguu nikihema na kupumzika kila mahali pa kupumzika. Nikakaa kwenye jiwe kando ya kona ya mwisho. Nilikuwa nimetayarisha na uongo wa kumwambia akiniona, kwamba nimekuja kumwona mshonaji mwenzangu anayeishi karibu na mnara. Kulikuwa na ukungu mwepesi bondeni na mji wote ulikuwa chini yangu, mabati yake, moshi wake wa asubuhi. Ningependa kuuona mji hivi nikiwa juu ya baiskeli. Nilisema hivyo kwa sauti, mbuzi wakanisikia.

Nikawasikia kabla ya kuwaona. Safari hii kitambaa kilikuwa kinachanwa polepole, kwa shida, na pumzi za watu ndani yake. Akatangulia mfamasia, shingo imetoka mishipa. Nyuma yake bwana mmoja mnene akakanyaga chini, akageuza. Akaja mwingine, na mwingine. Nikahesabu nyuso, nikafika mwisho, yeye hayumo. Nikainuka nipate kuona chini ya kona, wala sikukumbuka kujificha.

Alikuwa nyuma peke yake. Kichwa chini, magoti yanakwenda kwa taabu, baiskeli inayumba kidogo kila pedali, na nilijua sehemu ile, niliijua kwa mikono yangu, ndipo mguu unapoteremka wenyewe. Nikaona usukani ukitetemeka. Wawili wengine, waliokuwa wamekanyaga chini kabla ya kona, walikuwa wamesimama kando ya barabara na baiskeli zao, wanamtazama. Alikuwa anatazamwa kweli, waziwazi, kama alivyoogopa siku zote.

Wifi yangu akasimama.

Alisimama juu ya pedali, mikono imenyooka, mgongo umenyooka, akapanda juu, akaendelea kupanda, pindo moja baada ya lingine likifunguka, mpaka nikaona kimo chake chote hewani juu ya ile baiskeli ya bei ya chini, na mnara wa simu uliokuwa juu yetu ukaonekana wa kawaida. Akaielemea pedali moja kwa uzito wake wote, kisha nyingine. Baiskeli ikatii. Akaja kwenye kona na hakupunguza, akaja moja kwa moja upande wangu, karibu kiasi kwamba nilisikia utepe wa usukani ukilia chini ya viganja vyake. Machozi yalikuwa yananitoka, wivu na furaha vimechanganyika, sikuweza kuvitenganisha na wala sikujaribu.

Nilifungua mdomo nimwambie ule uongo wangu. Alinipita kwa umbali wa mkono, macho yamekazwa mbele, na hakuniona.